Kuhifadhi mchezo kwenye kikokotoo cha grafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jumamosi mchana, nyumbani kwangu Majengo hapa Moshi, sebule hujaa wanafunzi wenye vikokotoo vya grafu mikononi. Wengi wamevipata vya mtumba, wachache wamenunuliwa vipya kwa sababu mtaala wao unavidai. Wanaandika michezo: nyoka, kubahatisha namba, na zaidi ya yote bao. Kuchora ubao wanajifunza haraka. Swali linalorudi wiki baada ya wiki ni hili: nikiacha mchezo katikati, nitaukuta kesho?

Nimekusanya hapa maswali yao na majibu ninayowapa. Mifano ni ya TI-83 Plus na TI-84 Plus za Texas Instruments (TI), maana ndivyo vinavyofika mezani kwangu kwa wingi. Casio na TI-Nspire nimevigusa karibu na mwisho. Mchezo wa mfano ni bao la kiswahili, na utaona lina sifa moja inayolifanya lifae sana kwa somo hili.

Nikizima kikokotoo, mchezo unapotea?

Haupotei. Ukibonyeza 2nd kisha ON skrini inazimika, lakini RAM (kumbukumbu ya kazi, inayohitaji umeme ili ikumbuke) inaendelea kulishwa na betri kidogo kidogo, na kila namba inabaki pale ulipoiacha. Hata kikijizima chenyewe kwa kukaa bila kuguswa, ni hivyohivyo. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kumaliza muhula mzima akiamini amehifadhi mchezo wake, kumbe namba zake zimesalimika tu kwa kuwa hakuna kilichozigusa.

Basi ni nini kinachofuta?

Mambo matano, na yote nimeyaona kwa macho.

La kwanza ni betri. TI-83 Plus na TI-84 Plus hutumia betri nne za AAA, na ndani yake kuna betri ndogo ya kidonge inayoilinda RAM unapobadilisha zile kubwa: CR1616 au CR1620 kwa TI-83 Plus, SR44 kwa TI-84 Plus. Kwenye kikokotoo cha mtumba kidonge hicho mara nyingi kimeshakufa na mwenye nacho hajui. Mpwa wangu alikuwa na mchezo wa bao na babu yake, wameuchezea Jumapili tatu mfululizo. AAA zikaisha, akazitoa zote nne, akaweka mpya, skrini ikamwandikia kwamba RAM imefutwa. Babu alikuwa anaongoza. Mzee hakusema neno, ila mtoto alilia, na tangu siku ile sikubali mtu aanze kuandika mchezo mezani kwangu kabla hatujakagua kidonge.

La pili ni kufuta kwa makusudi. Kabla ya jaribio, mwalimu hupita akibonyeza 2nd, MEM, 7, na RAM yote inakwenda.

La tatu ni ClrAllLists, iliyo namba 4 kwenye menyu hiyohiyo ya MEM. Wanafunzi huitumia kwenye somo la takwimu wanapotaka kuanza na listi (orodha za namba) tupu. Inazifanya listi zote zilizo kwenye RAM ziwe na urefu wa sifuri, pamoja na ile yenye mchezo wako.

La nne ni programu nyingine. Ukiweka alama zako kwenye A, na programu ya hesabu ya rafiki yako nayo inatumia A, ya mwisho kuandika ndiyo inayobaki. X, Y, T, R na θ ni hatari zaidi, kwa kuwa kuchora grafu tu kunatosha kuzibadilisha.

La tano ni programu ya asembli (lugha iliyo karibu kabisa na ya mashine) yenye kosa, ambayo ikikwama inaweza kuondoka na RAM nzima.

Yote matano yanashambulia RAM. Kwa hiyo makao ya mchezo wako yawe kwenye akiba, ile kumbukumbu ya flash ambayo TI wanaiita Archive. Akiba haihitaji betri hata moja ili ikumbuke. TI-83 Plus ina takriban kilobaiti 24 za RAM ya mtumiaji na 160 za akiba, TI-84 Plus ina RAM ileile na kilobaiti 480 za akiba. TI-84 Plus CE, iliyotoka 2015, ina kilobaiti 154 na megabaiti 3, na betri yake ni ya kuchaji.

Niweke kwenye herufi, listi, matriksi au maneno?

Kwenye listi yenye jina ulilobuni mwenyewe. Sababu ni hizi.

Herufi ziko 27 tu, A hadi Z pamoja na θ, na kila programu inazigombania. Matriksi ni kumi, [A] hadi [J]. Zinapendeza kwa ubao, lakini majina yake hayabadiliki, hivyo mwanafunzi wa hisabati atakuja kuandika juu ya [A] yako bila kujua. Tungo za maneno nazo ni kumi, Str0 hadi Str9, na zina tatizo lilelile la kugombaniwa.

Listi peke yake ndiyo inayokuruhusu kubuni jina, herufi hadi tano, la kwanza likiwa herufi na siyo tarakimu. Inabeba hadi namba 999, na kila namba ndani yake inakula baiti 9. Mbele ya jina hukaa alama ndogo ya ʟ, unayoipata kwa 2nd, LIST, OPS, kisha B. Chagua jina ambalo mwenzako hatalifikiria kwa ajili ya kitu kingine. ʟBAO linafaa. ʟDATA halifai, kila mtu analo.

Nihifadhi nini hasa?

Hapa ndipo ninapowaweka watoto chini na ubao halisi wa mbao kabla hawajagusa kitufe. Nawaambia: mchezo umekatika, mvua inakuja, tunaingia ndani na ubao umevurugika. Mwambie mtu asiyekuwepo mambo machache kabisa yatakayomwezesha kuupanga upya kama ulivyokuwa.

Bao la kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kete 64. Mwanzoni kila mchezaji ana kete sita kwenye nyumba (shimo maalumu la safu yake ya mbele), mbili kwenye kila moja ya mashimo mawili yaliyo kulia kwa nyumba, na 22 mkononi. Kwa hiyo tunahitaji: kete za kila shimo, kete zilizobaki mkononi kwa kila mmoja, zamu ni ya nani, na kama nyumba ya kila mmoja bado ni nyumba au imeshavunjwa.

Kila mara mtoto mmoja huongeza: tuhifadhi pia kama tuko kwenye namua (hatua ya kuingiza kete za mkononi) au mtaji (hatua inayofuata, kete zote zikiwa ubaoni). Haihitajiki. Mikono yote miwili ikiwa haina kete, ni mtaji. Ikiwa zipo, ni namua. Kitu unachoweza kukikokotoa kutoka kwa vingine usikihifadhi, maana siku moja viwili hivyo vitapingana na programu haitajua imwamini nani.

Mpangilio wangu ni huu:

1 hadi 8: safu ya nyuma ya mchezaji wa kwanza
9 hadi 16: safu yake ya mbele
17 hadi 24: safu ya mbele ya mpinzani
25 hadi 32: safu ya nyuma ya mpinzani
33 na 34: kete za mkononi
35: zamu, 1 au 2
36 na 37: nyumba, 1 ikiwa ipo, 0 ikiwa imevunjwa
38: toleo la mpangilio huu

Uandike mpangilio wako kwenye daftari, kwa kalamu. Baada ya mwezi hutakumbuka 36 ilikuwa nini.

Nionyeshe namna ya kufungua akiba programu inapoanza.

```
:SetUpEditor ʟBAO
:SetUpEditor
:dim(ʟBAO)→N
:0→F
:If N=38
:Then
:If sum(ʟBAO,1,34)=64 and ʟBAO(38)=1
:1→F
:End
:If F=0
:Then
:38→dim(ʟBAO)
:Fill(0,ʟBAO)
:6→ʟBAO(13)
:2→ʟBAO(14)
:2→ʟBAO(15)
:6→ʟBAO(20)
:2→ʟBAO(19)
:2→ʟBAO(18)
:22→ʟBAO(33)
:22→ʟBAO(34)
:1→ʟBAO(35)
:1→ʟBAO(36)
:1→ʟBAO(37)
:1→ʟBAO(38)
:End
:ʟBAO→ʟBAOK
```

Mstari wa kwanza ndio wenye siri. SetUpEditor iliwekwa kwa ajili ya meza ya takwimu, lakini inafanya kazi tatu tunazozihitaji kwa mpigo: kama listi haipo inaiumba ikiwa tupu, kama iko akibani inairudisha kwenye RAM, na kama iko RAM tayari inaiacha kama ilivyo. Bila huo mstari, kugusa listi iliyo akibani kunaleta ERR:ARCHIVED, na kugusa isiyokuwepo kunaleta ERR:UNDEFINED. Mstari wa pili, SetUpEditor isiyo na jina, unairudisha meza ya takwimu kwenye L1 hadi L6 ili mwenye kikokotoo asikute listi ya bao anapofanya kazi ya shule.

Halafu tazama 64. Kwenye bao la kiswahili kete haitoki mchezoni. Ukila, unazisambaza tena upande wako. Hivyo mashimo yote pamoja na mikono miwili lazima vitoe 64, mwanzo, katikati na mwisho. Mchezo wenyewe umetupa kipimo cha ukweli bila sisi kubuni chochote, na ndiyo sifa niliyoitaja mwanzoni. Jumla ikitoka 63, akiba imeharibika, na programu imeligundua hilo kabla mchezaji hajabishana na mwenzake. Unapoandika mchezo mwingine wowote, tafuta kwanza kitu ndani yake kisichobadilika. Karata 52 ziko mahali fulani, mikononi au mezani. Nyoka ana urefu unaolingana na alama zake.

Sharti la N=38 nimelitenganisha na la jumla kwa makusudi. Neno `and` la TI hupima pande zote mbili kila mara, hata ya kwanza ikiwa imeshakataa. Ukiyaandika yote kwenye mstari mmoja, listi tupu italeta kosa kwenye sum kabla ya kufika popote.

Jambo moja la kuongeza ukishazoea: akiba ikishindwa kipimo, usiifute kimyakimya kama nilivyofanya hapa. Muulize mchezaji kwanza.

Kwa nini unanakili kwenye ʟBAOK? Si ucheze palepale kwenye ʟBAO?

Kwa sababu ya kitufe cha ON. Mchezaji anaweza kuikatiza programu wakati wowote, na wakati mbaya kuliko wote ni katikati ya kusambaza. Ameokota kete tisa, ameshaweka nne, tano zimo kwenye kigezo K ndani ya programu. Ukihesabu ubao wakati huo unapata 59. Mchezo ukikatwa hapo, hakuna wa kukuambia zile tano zilikuwa zinaelekea wapi.

Kwa hiyo vurugu zote za zamu zifanyike kwenye ʟBAOK, listi ya kazi. Zamu ikikamilika, kete zote zimetua na zamu imehamia kwa mpinzani, ndipo unapoandika:

```
:ʟBAOK→ʟBAO
```

Amri moja tu. Akikatiza katikati ya kusambaza, anachopoteza ni zamu ile aliyokuwa akiicheza, na ʟBAO bado ina ubao uliokamilika. Mwishoni mwa programu futa ya kazi na upeleke ya kweli akibani:

```
:DelVar ʟBAOK
:Archive ʟBAO
```

Na aliyekatiza kwa ON, listi yake inakwenda akibani saa ngapi?

Haijakwenda. Imebaki RAM hadi atakapoiendesha programu tena na kutoka kwa njia ya kawaida, au aipeleke mwenyewe kwa 2nd, MEM, 5. Weka kitufe cha kutokea kinachoonekana wazi kwenye skrini, mfano "0 = TOKA", na mtu hatakuwa na sababu ya kukimbilia ON.

Niipeleke akibani kila baada ya zamu, nisibahatishe?

Sishauri. Flash haiandikwi kama RAM. Kila unapotoa listi akibani na kuirudisha, nakala ya zamani inabaki palepale ikiwa na alama tu ya kwamba haitumiki, na mpya inaandikwa mbele yake. Zamu arobaini ni nakala arobaini zilizokufa. Zikijaa, kikokotoo kinasimama na kuuliza "Garbage Collect?", kisha kinapanga upya na kufuta sehemu nzimanzima, kila moja ya kilobaiti 64. Kufuta huko kuna kikomo katika maisha ya flash. Tena ni kazi ya polepole, mchezo unakwama mkononi. Mara moja wakati wa kutoka inatosha.

Kimeniuliza "Garbage Collect?" Nijibu nini?

Yes. Hakifuti kitu unachokihitaji. Hakikisha tu betri si dhaifu, na usizitoe kikiwa kinaendelea.

Nataka kuhifadhi michezo kadhaa kwa wakati mmoja: mmoja na babu, mmoja na dada.

Wazo la kwanza la kila mtu ni ʟBAO1, ʟBAO2, ʟBAO3. Linawezekana, lakini TI-BASIC, lugha tunayoandikia programu ndani ya kikokotoo, haikuruhusu kuandika kwenye listi ambayo jina lake limo ndani ya kigezo, hivyo utajikuta unarudia mistari ileile mara tatu, na siku ukirekebisha kosa utarekebisha mahali pawili na kusahau pa tatu.

Njia ninayoipenda ni listi moja ndefu. Mchezo wa kwanza unakaa 1 hadi 38, wa pili 39 hadi 76, na kuendelea. Ukiwa na namba ya mchezo G, shimo la I liko kwenye 38(G-1)+I. Kikomo cha 999 kinaruhusu michezo 26. Ila 26 ni baiti 8,892 zinazokaa RAM wakati unacheza, zaidi ya theluthi ya nafasi yote ya TI-83 Plus. Watoto wangu nawawekea minne, na hakuna aliyewahi kuniomba wa tano.

Nimesikia unaweza kubana namba kadhaa ndani ya moja. Ni kweli?

Ni kweli. Namba moja ya TI inashika tarakimu 14, ingawa skrini inaonyesha 10. Shimo la bao linahitaji tarakimu mbili, kwa hiyo safu wima ya mashimo manne inaingia kwenye namba moja ya tarakimu nane. Mashimo 32 yanakuwa namba 8 tu. Kubana ni kuzidisha kwa 100 na kujumlisha, kufungua ni kugawa kwa 100 na kutumia int( kupata sehemu nzima na fPart( kupata sehemu ya desimali.

Je, inafaa? Kwa bao, hapana. Listi yetu ya 38 ni baiti 342 za namba na vichache vya jina. Ukibana mashimo unaokoa baiti 216, na unalipa kwa programu inayochelewa kuanza na mistari ambayo wewe mwenyewe utashindwa kuisoma. Kubana kunaanza kuwa na maana kwenye ramani kubwa, yenye vyumba mia tatu na kila chumba kina namba ndogo.

Mdogo wangu anafungua listi na kujiongezea kete.

Akijiongezea bila kupunguza kwako, jumla inavuka 64 na programu inamkamata. Akihamisha kete kutoka kwako kwenda kwake, 64 haioni kitu. Hapo ongeza kipimo cha pili kinachojali nafasi:

```
:sum(seq(I*ʟBAO(I),I,1,37))→ʟBAO(39)
```

Kila shimo linazidishwa kwa namba ya nafasi yake, kwa hiyo kete ikihama shimo moja tu jumla hii inabadilika. Unapofungua, ikokotoe tena na uilinganishe. Itamzuia mdogo wako. Haitamzuia aliyeisoma programu yako, na mtoto aliyeisoma na kuielewa kiasi hicho mwite mkae naye muandike pamoja.

Nimeboresha mchezo, lakini akiba za zamani hazifunguki.

Ndiyo kazi ya namba iliyo kwenye 38. Tulipoongeza kipimo cha 39 hapo juu, mpangilio ulibadilika, basi hilo ni toleo la 2. Programu mpya ikikuta listi ya urefu wa 38 na toleo la 1, haipaswi kuikataa. Inairefusha kwa `39→dim(ʟBAO)`, ambayo haifuti kilichopo bali huongeza tu sifuri mwishoni, kisha inaandika 2 kwenye 38 na kukokotoa 39. Mchezaji hajui kama kuna kilichotokea, na ndivyo inavyotakiwa.

Vitu vipya vikae mwishoni daima. Nafasi ya toleo usiihamishe kamwe, maana ndiyo programu yako inayoitazama ili ijue isomeje mengine.

Programu yenyewe haiwezi kujihifadhia data ndani yake?

Kwa TI-BASIC tupu, haiwezi kujiandika. Asembli inaweza, ila kuna mtego. Kwenye TI-83 Plus na 84 Plus, amri ya Asm( hunakili programu hadi anwani ya 9D95 na kuiendesha kutoka hapo, halafu nakala inatupwa. Ukibadilisha namba ndani ya nakala, ya asili haijui. Ndiyo maana magamba (programu za kuendeshea programu nyingine, kwa Kiingereza shell) kama MirageOS na Doors CS yanarudisha mabadiliko kwenye programu ya asili wakati wa kutoka.

Kwa wanaoandika kwa lugha ya C kwenye TI-84 Plus CE, mahali pazuri ni AppVar, aina ya faili iliyotengwa kwa ajili ya data za programu, yenye jina la hadi herufi nane. Maktaba ya fileioc inakupa ti_Open, ti_Write, ti_Close, na ti_SetArchiveStatus ya kuipeleka akibani. Hakuna somo la hisabati linaloigusa AppVar, na hilo pekee linaitosha kuwa bora kuliko listi.

Mimi nina Casio.

Kwenye fx-9860G na fx-CG50 listi hazina majina ya kubuni kwa programu yako. Ziko 26, List 1 hadi List 26, ndani ya mafaili sita. Chukua za mwisho, kwa kuwa takwimu za darasani huanzia za kwanza. Weka mashimo na mikono kwenye List 26, na zamu, nyumba na toleo kwenye List 25. Ukizitenganisha hivyo, Sum List 26 inakupa 64 moja kwa moja. fx-CG50 ukiichomeka kwenye kompyuta kwa USB inafunguka kama flashi ya kawaida, na ni rahisi kunakili.

Na TI-Nspire?

Ukiandika kwa lugha ya Lua, tumia on.save kurudisha meza ya data zako na on.restore kuipokea. Data zinakaa ndani ya dokumenti, hivyo mchezaji lazima aihifadhi dokumenti yenyewe kabla ya kuifunga.

Siku ya mtihani nifanye nini?

Wanaofanya mitihani ya NECTA ya hisabati ya juu, kidato cha sita, kikokotoo kinachoprogramika hakiingii chumbani kabisa. Maelekezo ya karatasi yanaruhusu visivyoprogramika. Kiache nyumbani.

Wanaosoma mtaala wa kimataifa wa IB (International Baccalaureate) hapa Moshi na Arusha wanaingia na kikokotoo cha grafu, lakini kikiwa kimefutwa au kimewekwa kwenye hali ya mtihani kama msimamizi anavyoelekeza. Usiitegemee hata akiba siku hiyo. Nakili kila kitu kwenye kompyuta jioni kabla ya mtihani. Na usijaribu kuficha chochote. Bao litasubiri, cheti hakitasubiri.

Ninanakilije kwenye kompyuta?

TI-84 Plus ina tundu la mini-USB. Weka programu ya TI Connect kwenye kompyuta (kwa CE ni TI Connect CE, kwa Linux iko TiLP), chomeka waya, kisha vuta faili. Programu itakuja na kiambishi .8xp, listi .8xl, AppVar .8xv. Chukua programu na listi zote mbili. Wengi huchukua programu wakaisahau listi, halafu wanarudi kwangu na mchezo unaoanza upya.

Kama huna kompyuta karibu, 2nd, MEM, 8 inakuruhusu kufungasha programu na listi kuwa kundi moja linalokaa akibani. Litakuokoa RAM ikifutwa. Kikokotoo kikiibiwa kwenye daladala, halitakuokoa.

Rafiki yangu amehamia Arusha. Tunaweza kuendelea na mchezo uleule?

Mnaweza, na wawili wa wanafunzi wangu wanafanya hivyo sasa, mmoja yuko Rau na mwingine Njiro. Mkikutana, ungeni vikokotoo kwa waya wa tundu dogo, ingieni 2nd, LINK, mmoja achague List upande wa kutuma, mwingine awe ameshabonyeza kupokea. Kikokotoo kinachopokea kitasema jina lipo tayari, achague Overwrite.

Mkiwa mbali, faili la .8xl ni dogo kuliko picha yoyote mnayotumiana. Unacheza zamu yako, unatoka, unavuta listi kwenye kompyuta, unamtumia kwa WhatsApp. Yeye anaiingiza, anacheza, anarudisha. Ongezeni mstari mmoja kwenye programu zenu: kila kikokotoo kijue mwenye nacho ni mchezaji wa 1 au wa 2, na kikikuta namba iliyo kwenye 35 si ya mwenyewe, kionyeshe ubao bila kuruhusu kucheza.